Tumuulize Mungu kabla ya kulipa advansi ya ukumbi

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo kama umenizidi umri, na wasomaji wenzangu wa dini nyingine nawasalimu pia maana najua gazeti hili tunalisoma wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, na sasa mwaka unaelekea ukingoni, msimu wa harusi umeanza, kadi za mchango zinaingia kwenye simu kila siku, na watu wanafanya maamuzi makubwa ya maisha yao huku wakisema "tumeshaliweka mikononi mwa Bwana" wakati ukifuatilia unakuta Bwana hakuulizwa kitu, amepewa taarifa tu.

Hakuna atakayesema Wakristo wa nchi hii hatuombi. Tunakesha, tunafunga siku 21 au 40 kila mwaka mpya, kuna maombi ya alfajiri kabla watu hawajaenda kazini, wenzetu Wakatoliki wana novena na nia za misa, sisi wamama tuna siku zetu za katikati ya wiki. Lakini angalia maombi yanayohusu maamuzi yanakuja saa ngapi. Kijana ameshapeleka barua ya posa na mahari imeshajadiliwa, ndo anamwambia mchungaji mtumishi tuombee. Dada ameshasaini mkataba wa kwenda kufanya kazi za ndani Muscat, pasipoti iko kwa wakala, tiketi imeshakatwa, ndo jumuiya inaitwa jioni kuja kumwombea safari. Baba kachukua mkopo wa kausha damu, kafungua duka, mzigo umeshapangwa, ndo anaita watumishi waje waweke wakfu. Hapo Mungu tumemfanya kama ofisi ya kugonga muhuri, karatasi imeshaandikwa yote yeye anatakiwa kugonga tu. Ukimwuliza mtu saa hiyo, na Mungu akisema hapana je, anakuangalia kama umemtakia mabaya.

Biblia ina watu wa namna hii na nashangaa hatuhubiriwi habari zao mara nyingi. Soma Yeremia sura ya 42 yote, halafu rudi mistari ya mwisho ya sura ya 41. Yerusalemu imeshabomolewa na Wababeli, Gedalia aliyewekwa kuwasimamia waliobaki ameuawa, watu wana hofu kwamba Wakaldayo, yaani hao hao Wababeli, watarudi kulipiza kisasi. Yohanani mwana wa Karea na wenzake wanamwendea Yeremia kwa unyenyekevu wote, tuombee kwa BWANA Mungu wako atuonyeshe njia tuiendee na jambo la kutenda, na wanaapa kabisa kwamba liwe jema liwe baya watatii. Ukiishia hapo unasema hawa ndo watu wa maombi haswa. Sasa ile 41:17 inakuonyesha kwamba wakati wanasema maneno hayo walikuwa wameshaondoka, wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, uso umeelekea Misri. Yeremia akaomba na jibu halikuja siku ile wala kesho yake, lilikuja baada ya siku 10, nalo lilikuwa kaeni hapa hapa katika nchi hii wala msimwogope mfalme wa Babeli. Wakamwambia nabii usoni, unasema uongo. Wakaenda Misri, tena wakamchukua na Yeremia mwenyewe wakaenda naye.

Mimi zile siku 10 huwa nazifikiria sana. Walikuwa na muda. Wangeweza kufungua mizigo, kuzungumza na wake zao na wazee wao, kuruhusu moyo ukubali kwamba labda safari haipo. Nadhani Mungu anapochelewa kujibu mara nyingi anatupa nafasi hiyo, maana shida si kwamba hatujui anachotaka, shida ni kwamba mioyo yetu haijawa tayari kusikia kitu tofauti na tulichokuja nacho. Wao siku 10 zile waliendelea kuitazama Misri, na Yeremia aliwaambia hapo hapo kwamba wamezidanganya nafsi zao wenyewe. Sidhani kama kuna onyo kali kuliko hilo kwa mtu anayeomba, kwamba unaweza kuomba kwa machozi na kiapo na bado ukawa unajidanganya.

Na kuna upande mwingine wa Yoshua sura ya 9, watu wa Gibeoni waliokuja na mikate mikavu yenye ukungu, viriba vya divai vilivyochanika na viatu vyenye viraka wakijifanya wametoka nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli hawakuwa wajinga, walivitazama vyakula, walihoji nyinyi ni nani mmetoka wapi. Walitumia akili na ushahidi ukaonekana umekamilika, lakini neno linasema "wala wasitake shauri kinywani mwa BWANA". Siku tatu baadaye wakagundua ni majirani zao kabisa. Wameshaapa kwa jina la Mungu kwamba hawatawaua, hakuna kurudi nyuma. Tena jambo hilo halikuishia kwa Yoshua, miaka mingi baadaye Sauli akawaua Wagibeoni akivunja kile kiapo na nchi ikapata njaa miaka mitatu wakati wa Daudi, imeandikwa 2 Samweli 21. Uamuzi wa mchana mmoja ukaja kuwaumiza watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Ndo maana nataka nizungumzie harusi hasa, kwa sababu ndoa ni kiapo kama kile na watoto wanaingia humo bila kuulizwa.

Makanisa yetu mengi yana utaratibu mzuri sana uliorithiwa, wachumba wanatangazwa Jumapili tatu na mtu mwenye pingamizi halali anaombwa aseme. Hata serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, yaani sheria yenyewe inakubali kwamba jambo hili linahitaji muda wa watu kutazama na kusema. Na kuna mafundisho ya ndoa. Lakini jamani tuseme ukweli, leo hii tangazo la kwanza linasomwa kanisani wakati sendofu imeshafanyika au iko wiki ijayo, ukumbi umelipiwa advansi, MC na mpambaji wameshachukua chao, kamati imekaa vikao zaidi ya vitano, bajeti ni mamilioni na watu wa Dar wameshakata tiketi za basi. Mafundisho yenyewe mengine yanafanyika wiki mbili za mwisho, bibi harusi anasinzia maana ametoka kupima gauni. Binti akiona jambo la kumtisha kwa mwenzake hapo, akahisi moyoni Mungu anamzuia, ana nguvu gani ya kusimama aseme naomba tusitishe? Nani atarudisha michango? Nawajua mabinti waliolia usiku wa kuamkia harusi na shangazi zao wakawaambia ni hofu ya kawaida itaisha, na wengine haikuisha.

Mafundisho yangekaa kabla ya mahari, mchungaji au katekista akakaa na hawa vijana wawili miezi kadhaa wakati hakuna hata shilingi ya ukumbi iliyotoka, wakazungumza fedha, hasira, wazazi, dini ya watoto, madeni, mtoto wa nje kama yupo, hapo kweli maombi yanakuwa ya kuuliza. Na vipimo vya afya viwekwe hapo hapo. Makanisa mengi yanadai cheti cha kupima virusi vya Ukimwi, vizuri, lakini huku Kanda ya Ziwa tuna selimundu nyingi mno, ile wengine tunaita sikoseli, na watu hawapimi kabisa kama wana vinasaba vyake. Wote wawili wakiwa wabebaji kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuzaliwa na ugonjwa, na wao wenyewe wanaweza kuwa wazima wa afya hawajawahi kulazwa hata siku moja. Sisemi wasioane, hilo ni lao na Mungu wao, nasema wapewe kujua mapema ili wanapopiga magoti wawe wanajua wanaomba kuhusu nini. Kuna watu wanaona kupima ni kukosa imani. Imani gani inaogopa kujua?

Halafu kuna hili la "Bwana amenionyesha wewe ni mke wangu". Jamani. Kwaya nyingi na vikundi vingi vya vijana vina binti ambaye ameambiwa hivyo na mtumishi au kiongozi wake, akabaki hajui afanye nini kwa sababu akikataa anaonekana anampinga Mungu. Nawaandikia hawa mabinti waziwazi. Fungueni Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu alitumwa kumtafutia Isaka mke, na aliomba kabla hajamwona msichana yeyote, amesimama kisimani na ngamia 10. Aliomba ishara lakini tazama ni ishara gani, kwamba msichana nitakayemwomba maji aninyweshe naye aseme nitawanywesha na ngamia wako pia. Hakuomba nyota ianguke. Ngamia 10 waliotoka safari wanakunywa maji mengi sana na yote yanatekwa kwa mtungi, kwa hiyo ishara yenyewe ilikuwa inampima mtu tabia, huruma na bidii ya kazi. Rebeka akatimiza kila kitu, mtumishi akaabudu, akaeleza familia yote jinsi Mungu alivyomwongoza, baba na kaka wakasema neno hili limetoka kwa BWANA. Sasa angalia mstari wa 57 na 58, pamoja na hayo yote wakasema tumwite msichana tumwulize mwenyewe. Wakamwuliza, utakwenda na mtu huyu? Akasema nitakwenda. Kama ufunuo wa kisima kile ulisubiri jibu la msichana, ufunuo wa kijana wa kwaya nao unaweza kusubiri. Ukisema hapana hujamkosea Mungu, Mungu ana uwezo wa kusema na wewe pia kama alivyosema na yeye.

Naingia kwenye habari ya manabii na najua hapa nitapata lawama. Mimi naamini Roho Mtakatifu anasema, sina shaka na hilo, na Paulo amekataza kudharau unabii. Ila pumzi hiyo hiyo akasema "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema", 1 Wathesalonike 5. Siku hizi mtu akitaka kuamua jambo anapanga foleni kwa nabii kama anavyopanga hospitali, anatoa sadaka ya kumwona, anaambiwa uza kiwanja, achana na mume, acha dawa, na anakwenda kutekeleza bila kumwambia hata mzee mmoja wa kanisa lake. Mfalme Ahabu wa Israeli alikuwa na manabii 400 na wote walisema panda ukapigane Ramoth-gileadi utashinda. Mia nne, hakuna aliyetofautiana. Yehoshafati, mfalme wa Yuda aliyeombwa aende naye vitani, moyo ukamkatalia akauliza hakuna mwingine? Akaletwa Mikaya mmoja ambaye Ahabu alimchukia kwa sababu hamtabirii mema, na yule mmoja ndo alikuwa na neno. Ahabu akafa kwenye vita ile ile. Linaloniuma ni kwamba Yehoshafati aliuliza vizuri, alisikia jibu, na bado akaenda vitani, nusura afe naye, kwa sababu alikuwa ameshamwambia Ahabu mimi ni kama wewe na watu wangu kama watu wako kabla hajasema ebu tuulize kwa neno la BWANA. Ahadi ilitangulia swali. Ni kama hadithi yetu ya ukumbi kabisa.

Wenye umri wangu mnakumbuka DECI, ule upatu uliovunjika mwaka 2009. Watu walipeleka fedha wakaambiwa wanapanda mbegu na watavuna, lugha ya kanisani tupu, na walioianzisha walikuwa wachungaji. Watu waliuza viwanja, walitoa ada za watoto, wengine walikopa ili wakapande. Serikali ikasimamisha, viongozi wakafikishwa mahakamani, na familia nyingi za walokole na wasio walokole zikabaki zinaangaliana. Watu hao waliomba, mimi ni shahidi, kulikuwa na maombi ya kushukuru kwa mavuno. Lakini kuna swali moja la kawaida ambalo wangeuliza lingewaokoa, hii faida inatoka kwenye biashara gani? Swali hilo nalo ni njia ya Mungu ya kuongoza. Biblia haijawahi kutenganisha magoti na akili.

Mtu wa kujifunza kwake ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alisikia habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba, na alipokuja kusimama mbele ya mfalme ni mwezi wa Nisani, yaani miezi kama minne hivi. Mfalme akamwuliza unataka nini, na pale pale kabla hajajibu anasema nikamwomba Mungu wa mbinguni, ombi la sekunde chache la kimoyomoyo. Halafu akafungua kinywa na ukimsikiliza unaona miezi ile hakuwa analia tu. Alijua atahitaji barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, alijua jina la mtunza msitu wa mfalme, Asafu, alijua miti ni ya kazi gani, na mfalme alipouliza utarudi lini akampa muda. Akafika Yerusalemu akakaa siku tatu kimya, akatoka usiku na watu wachache akauzunguka ukuta kuukagua kwa macho yake, na hakumwambia mtu kile Mungu alichomtia moyoni mpaka amemaliza kuona. Ningependa sana dada anayetaka kwenda Uarabuni aombe hivyo. Aombe, na aende ofisi ya kazi aulize kama wakala huyo ana leseni, asome mkataba wote wa Kiswahili na sio ukurasa wa kusaini peke yake, atafute aliyekwenda na kurudi amsikilize, ajue simu ya ubalozi wetu kule kabla ya kupanda ndege. Wapo waliokwenda wakasomesha wadogo zao mpaka chuo na namshukuru Mungu kwa ajili yao, na wapo waliorudi na vidonda. Wote waliombewa safari njema.

Na washauri jamani, tusiwachague wale watakaosema tunachotaka. Hata mshauri mzuri anaweza kukosea, Nathani nabii wa kweli alimwambia Daudi haya fanya yote yaliyo moyoni mwako kuhusu kujenga hekalu, na usiku ule ule Mungu akamrudisha akaseme hapana. Nampenda Nathani kwa sababu asubuhi alirudi akasema. Viongozi wa dini wangapi leo wanaweza kumrudia muumini wakamwambia nilichokwambia jana halikuwa neno la Mungu, lilikuwa wazo langu?

Najua kuna watakaosema mama huyu anataka tukae miaka tunasubiri sauti. Hapana. Musa alipokuwa analia mbele ya Bahari ya Shamu aliambiwa mbona unanililia mimi, waambie wana wa Israeli waendelee mbele. Mambo mengi yameshajibiwa kwenye Neno, huhitaji mfungo wa siku tatu kujua kama utoe rushwa upate kazi au umrudie mke wa mtu. Mengine madogo amua kwa amani endelea na maisha. Ninayosema ni yale ambayo ukishafanya huwezi kurudi kirahisi, ndoa, kuhama nchi, kuuza ardhi ya ukoo, kuacha kazi uingie huduma, kuchukua mkopo unaoweka nyumba ya watoto rehani. Kwa hayo Yakobo amesema mtu akipungukiwa na hekima na aombe dua kwa Mungu awapaye wote kwa ukarimu wala hakemei, na mimi nashikilia sana hayo maneno mawili ya mwisho. Hakemei. Kijana anayeogopa kwenda mbele za Mungu kwa sababu hajui lolote asiogope, hatafokewa.

Ombi langu kwa wachungaji, mapadre na wazee wa makanisa wanaosoma gazeti hili ni hili, kwenye vikao vyenu vya mwaka ujao pelekeni hoja ya kuhamisha mafundisho ya ndoa yawe kabla ya mahari na kabla ya kamati, na pawe na siku inayojulikana ambayo kijana yeyote anaweza kusema nimeomba na nimeona tusiendelee, na kanisa limsindikize bila aibu kurudisha barua ya posa. Kama kuna usharika au parokia ambayo tayari inafanya hivyo, naomba waandike hapa hapa gazetini waseme walianzaje na wazazi waliwashawishi vipi, maana najua kazi ngumu iko kwa wazazi na wajomba wanaosubiri mahari. Na Mhariri ukiweza kuwapa ukurasa mzima utakuwa umetusaidia wengi wenye mabinti.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa mabinti wawili,
Nyakato, Mwanza